Kiapo cha Gatini

Siku wifi yangu Corinda alipoambiwa kwamba hajawahi kuwa hakimu, alikuwa jikoni shuleni anakaanga kababu za samaki, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la viazi namsengenya mtu. Simtaji huyo mtu, maana kisiwa chetu ni kidogo na bado tunasalimiana. Akaingia Bwana Augustus, karani wa mahakama, anahema kwa ule mlima.

"Bi Corinda," akasema, "kesho usije mahakamani."

"Kwani kuna nini? Kuna mgonjwa?"

"Hapana. Wanasema wewe si hakimu. Wanasema hujawahi kuwa."

Corinda akageuza kababu. Akageuza na nyingine. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Na Bwana Augustus, maskini wa Mungu, akajibu, "Tangu mwanzo."

Niseme kidogo huyu Corinda ni nani. Ni mke wa kaka yangu Lionel, ambaye kisiwa kizima kinamwita Kijiko, na hakuna anayekumbuka kwa nini. Kazi yake ni mpishi wa shule. Lakini kila Alhamisi, akishaosha masufuria, huvua aproni, hupaka mafuta kidogo mikononi ili harufu ya samaki ipungue, na kuteremka bondeni kukaa mahakamani. Majaji wa kweli, wale wa mawigi, hutoka ng'ambo mara chache kwa mwaka. Mengine yote, walevi, punda walioingia bustani za watu, waume wenye mikono miepesi, watoto wasio na wa kuwatazama, huamuliwa na watu kama sisi, watatu kwa pamoja, karani akiwanong'oneza sheria. Hawalipwi kitu. Corinda walimchagua kwa sababu moja tu ninayoijua: wakati wa kugawa chakula shuleni, mwanawe mwenyewe alikuwa anapata kipande kilekile cha samaki wanachopata wenzake. Mimi hawakunichagua, wala sikushangaa.

Sasa, habari ya kiapo. Yule Gavana wa zamani alikuwa anamaliza muda wake, na aliwaahidi mahakimu wapya watatu kuwaapisha jioni ya mwisho, ofisini kwake ngomeni. Lakini jioni ileile kulikuwa na karamu yake ya kuagwa, na nani anapika plo? Corinda. Watu wote wale, sufuria tatu za wali na nyama, angeziacha aende kula kiapo? Basi ikasemwa asubuhi. Asubuhi mawe yakaporomoka kwenye barabara ya kushukia bondeni, kama yanavyofanya yakijisikia. Mpaka wenzetu wanafika gatini, Gavana ameshashika kamba ya ngazi, boti inamsubiri kumpeleka kwenye meli.

"Njooni, njooni!" akawaita. Biblia ikaazimwa kwa padri. Wakaapa palepale kwenye ngazi, Corinda, mwalimu Cyril ambaye sasa ni marehemu, na Bi Estelle ambaye siku hizi yuko Uingereza kwa wanawe, huku maji yanawarukia viatuni na kisiwa kizima kinapiga makofi. Nililia, na mimi si mtu wa kulia hovyo.

Kwetu mtu hajaondoka mpaka meli yake ipotee nyuma ya jabali. Hakuna anayerudi nyumbani kabla ya hapo, hata mvua inyeshe. Gavana naye ni vivyo hivyo: tulimhesabu ni Gavana mpaka mwisho wa macho yetu. Nani angejua kwamba ugavana wake ulikwisha tangu asubuhi, kule ngomeni, alipovua ile kofia ya manyoya ya ugavana na kumvisha naibu wake? Yaani aliyewaapisha alikuwa abiria. Abiria mwenye adabu zake, lakini abiria.

Aliyeligundua hilo ni wakili mmoja mgeni, aliyekuja kumtetea mtu aliyegonga ukuta wa kanisa kwa lori akiwa amelewa. Alikuwa anasubiri ukumbini mwa mahakama, akaanza kutazama picha ukutani. Picha ya kiapo ipo pale tangu siku hizo.

"Huyu mwenye kofia ya manyoya ni nani?" akamuuliza Bwana Augustus.

"Naibu."

"Na huyu asiye na kofia, anayewaapisha?"

"Huyo ndiye Gavana."

Basi yule wakili akacheka peke yake, akatoa daftari. Sisi sote tumeitazama picha hiyo miaka nenda rudi, na tulichokuwa tunakiona ni kwamba Corinda alifumba macho.

Habari ikaenea kabla kababu hazijapoa. Wallahi sijawahi kuona watu wamechanganyikiwa namna ile. Mmoja aliyenyang'anywa leseni akapita na gari lake akipiga honi, kisha akaingiwa na hofu akaliacha katikati ya njia akarudi kwa miguu. Mwingine aliyefungwa mwezi wa Desemba akasema anaidai serikali Krismasi yake. Mume wa Pansy, aliyekatazwa na mahakama kukaribia nyumba, akasimama getini na kofia mkononi akauliza, "Sasa nirudi au nisirudi?" Pansy akamjibu kutoka dirishani, "Rudi uone." Hakurudi. Na Corinda mwenyewe, kila gari lililompita dereva alimpungia mkono kama desturi yetu, halafu ule mkono ukabaki hewani unasitasita, haujui unamsalimia nani.

"Hakimu Hewa!" Kijiko akamwita mezani. "Nipe chumvi, Hakimu Hewa."

"Jichukulie mwenyewe. Mimi sina mamlaka."

Tukacheka, yeye naye akacheka. Ila nilimwona anakula wali bila mchuzi, na mchuzi uko mbele yake.

Akaitwa kwa mwanasheria wa serikali, akanichukua mimi niende naye, kwa sababu, alisema, mimi ni mbishi na yeye ana heshima. Mwanasheria ni kijana wa kigeni mwenye masikio mekundu, mpole, aliyekuwa anatuzoea. Akatutengea viti.

"Bi Corinda, usiwe na wasiwasi. Baraza litapitisha sheria ya kuthibitisha uteuzi wenu. Itasema kwamba ninyi mlikuwa mahakimu halali tangu siku ile."

"Kwa hiyo mimi ni hakimu."

"Hapana. Kwa sasa si hakimu."

"Lakini nilikuwa."

"Hukuwa. Sheria ikipita, ndipo utakuwa ulikuwa."

Corinda akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Mwanangu," nikamwambia yule kijana, "hebu twende polepole. Jana hakuwa, leo si, na kesho atakuwa alikuwa jana?"

"Barabara kabisa!" akasema, akafurahi kweli, akidhani nimeelewa.

"Na leo?" Corinda akauliza. "Leo hii, nikiwa nimekaa hapa. Huko mbele watasema leo nilikuwa nani?"

Kijana akafikiri. Masikio yakazidi wekundu. "Watasema ulikuwa hakimu," akakiri. "Lakini leo bado si."

Tulipotoka nje nilicheka mpaka nikashika ukuta. Corinda hakucheka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kituo cha gari akakaa, na gari letu likapita hakulisimamisha.

Nilikuja kuelewa siku ya pili yake, Verna alipokuja.

Verna Isaac na Corinda walikaa dawati moja shuleni. Walikuwa timu moja kwenye mchezo wetu wa kuangusha vigingi kwa mpira wa mbao, Verna anarusha, Corinda anatukana vigingi, na hakuna aliyewafunga. Kisha mume wa Verna akafa kazini ng'ambo, Verna akaingia kwenye pombe, na si pombe ya Jumamosi, pombe ya kila siku. Alikuwa na binti mdogo, Jodie. Kuna asubuhi mtoto alikutwa peke yake barabarani juu mlimani, ukungu umefunga, anatembea katikati ya njia na soksi moja. Shangazi yake upande wa baba akaja kutoka Uingereza akaomba amchukue awe mtoto wake kisheria. Kesi ikaenda kwa mahakimu watatu, na aliyekaa katikati ni Corinda. Angeweza kujitoa, lakini kisiwani petu hakimu akijitoa kwa ajili ya urafiki, nani atabaki?

Akaisoma amri kwa sauti yake. Verna akainuka, akasema, "Corinda, ni wewe kweli?" Na wifi yangu akamjibu mbele ya watu, "Si mimi, Verna. Ni mahakama."

Hilo ndilo neno la mwisho walilozungumza juu ya jambo lile. Hakimu hazungumzi kesi nje, na Corinda kwa hilo ni mgumu mno. Hata Kijiko hajawahi kusikia kitu. Verna aliacha pombe, sasa muda mrefu. Anafua mashuka hospitalini, na mchezo anachezea timu nyingine. Wakikutana dukani wanaulizana habari za mvua.

Basi akaja, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Mikono yake ina rangi nyeupe ya ukutani mpaka kwenye viwiko.

"Nimesikia haikuwa mahakama," akasema.

"Ndivyo wanavyosema," Corinda akajibu.

"Basi mtoto wangu hakuchukuliwa na mtu yeyote."

Corinda akamsogezea kiti, Verna hakukikalia.

"Ana miaka kumi na mitano," Verna akaendelea. "Nimeuliza kwa yule wakili mgeni. Kama ninyi hamkuwa mahakimu, mimi ndiye mama yake kisheria, jana, leo, mpaka siku watakapopitisha hiyo sheria yao. Nimepaka rangi chumba. Najua, Dulcie, usinitazame hivyo, najua pengine hatakuja. Nataka tu aweze kuitwa nyumbani na mimi ndiye wa kumwita." Kisha akamgeukia Corinda. "Barazani wanaruhusu watu kusema. Nenda useme. Sheria yao waipitishe, ila waiache amri moja tu nje. Moja tu, shoga."

Hakuwa amemwita shoga tangu siku ile. Nilimwona Corinda anashika ukingo wa meza.

"Nitasema," akasema.

"Utasema nini?"

"Sijui, Verna. Nitasema."

Kuanzia hapo Corinda hakuwa mzima. Chumvi mara mbili kwenye supu ya watoto. Alikaa nyuma ya jiko akanieleza, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kunieleza. "Dulcie, siku ile nilikuwa na mahali pa kujificha. Nilisema ni mahakama, na niliamini. Nimelala usingizi kwa neno hilo miaka yote hii. Sasa wananiambia mahakama haikuwepo. Basi pale katikati alikuwepo nani? Alikuwepo Corinda Bargo na gauni lake la kanisani, anachukua mtoto wa mwenzake."

"Lakini mlifanya vizuri," nikasema. "Mtoto angegongwa."

"Labda. Ukisema hivyo naona ni kweli. Verna akisema nami naona ni kweli. Ndiyo shida yangu."

Nami ilikuwa shida yangu. Nikilala niko upande wa mtoto na ile soksi moja, nikiamka niko upande wa Verna na mikono yake yenye rangi. Mpaka leo sijui nilikuwa wapi. Nilimkasirikia yule wakili na macho yake, nikamkasirikia Gavana wa zamani, nikaikasirikia hata plo.

Siku ya Baraza ukumbi ulijaa. Watu walikuja na mikate yao ya kupakwa nyanya, maana hawakujua itachukua muda gani. Verna hakuingia; alikaa nje kwenye benchi la mawe kando ya lango la ngome. Muswada ukasomwa, na sikuelewa hata sentensi moja, ila kila sentensi ilikuwa na "inachukuliwa kuwa". Kisha Spika akauliza kama kuna mwananchi mwenye la kusema, na Corinda akasimama. Alikuwa amevaa gauni lilelile la kanisani analovaa Alhamisi.

"Bwana Spika, mimi ndiye mmoja wa wanaothibitishwa," akasema. "Sijui kama naruhusiwa kusema juu yangu mwenyewe, kwa sababu sijui leo mimi ni nani."

Watu wakacheka kwa upole. Yeye akangoja wamalize.

"Kuna amri moja niliyoitoa. Sitaitaja. Naomba iachwe nje. Hizo nyingine zithibitisheni, walevi na punda, zote. Hiyo moja nataka iwe haijawahi kuwa, halafu wenye kujua waiamue upya, na mimi niwe nimekaa kule nyuma na watu."

"Kwa nini, Bi Corinda? Unaona ilikuwa na kosa?"

"Sioni kosa," akasema. "Wala sioni haki. Naona mtu ninayemjua."

Yule mwanasheria mwenye masikio akasimama, akaeleza kwa huruma kwamba sheria ya namna hii haichagui. Ikiacha moja, kila mtu atakuja na yake, na aliyefungwa Desemba atakuja na Krismasi yake. Na mtoto yeyote aliyewekwa mahali salama kwa amri kama hiyo, akasema bila kumtaja mtu, hawezi kulala leo ana mama huyu akaamka kesho ana yule. Alisema kweli. Ningependa asingesema kweli.

"Wanaoafiki?" Spika akauliza. Wakasema ndiyo. "Wasioafiki?" Kimya. "Nadhani walioafiki wameshinda." Wajumbe wakapiga makofi, sisi tukabaki na mikate yetu haijaguswa.

Mlangoni watu wakampangia foleni ya kumpa mkono. "Hongera, Hakimu." "Sasa umekuwa halali, Hakimu." Kijiko akataka kusema mzaha wake nikamkanyaga mguu. Corinda aliwapita wote akaenda mpaka kwenye benchi la mawe. Verna akasimama. Alikuwa ameshajua, makofi yalisikika nje.

"Kwa hiyo ilikuwa mahakama," Verna akasema.

"Hapana," akasema Corinda. "Ilikuwa mimi."

"Wamesema huko ndani…"

"Nimesikia walichosema. Ilikuwa mimi, Verna. Nilikujua tangu tuko watoto, nilijua utalia namna gani, nikamtoa mtoto wako. Nikakuambia si mimi. Nilikudanganya."

Verna akampiga kofi. Kofi la mtu anayefua mashuka. Konstebo Basil, ambaye alikuwa akila mkate wake chini ya lango, akaja mbio.

"Bi Verna! Umempiga hakimu!" Kisha akasimama, akamtazama Corinda, akatutazama sisi. "Ni hakimu, siyo? Wameshapitisha? Au mpaka Gavana asaini?"

"Hajampiga hakimu yeyote, Basil," Corinda akasema, shavu lote jekundu. "Nenda kamalize mkate wako." Akaenda, na nadhani alishukuru.

Verna alikuwa anautazama mkono wake. Tulidhani ataondoka. Badala yake akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu hao wawili wanacheza pamoja, "Siku Jodie alipoondoka, ulikuwepo gatini?"

"Nilikuwepo."

"Mimi sikuweza kushuka. Nilikuwa… unajua nilivyokuwa."

"Najua."

"Watu wote walishuka. Miaka yote hii wananipungia mkono barabarani, na hakuna hata mmoja aliyeniambia ilikuwaje. Wanaona haya. Na wewe huzungumzi kesi."

Wifi yangu, ambaye hakuwahi kutoa neno la mahakamani hata kwa mumewe kitandani, na ambaye alikuwa amekuwa hakimu halali kwa muda wa kutoka mlangoni hadi pale, akakaa kwenye benchi, akamvuta Verna kwa mkono wa sweta mpaka naye akakaa.

"Alivaa koti la buluu," akasema. "Lilikuwa kubwa, mikono imekunjwa. Nywele alisukwa na Estelle. Alikataa kushikwa na shangazi yake, akataka mimi, basi nikambeba mpaka chini kwenye boti."

"Alilia?"

"Hakulia."

"Aliniulizia?"

Nilikuwa nimesimama karibu, na nasema wazi niliomba adanganye. Niliomba kwa nguvu zangu zote.

"Aliuliza utakuja saa ngapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia uko njiani."